Khan Murjan: nyumba ya wageni iliyofunikwa ua

Assalaam alaykum wazee wangu, na nyinyi vijana wa ujenzi mliosogea mbele. Nimeombwa nizungumzie nyumba za wageni za kale zilizogeuzwa mikahawa. Ningeweza kuanzia hapa hapa Mji Mkongwe, ambako kila ukikata kona ya kichochoro unakuta meza na vitambaa, lakini mnanijua: nitaishia kugombana na watu. Leo nawapeleka Baghdad.

Katika mji wa zamani, jirani na soko la Shorja, ipo nyumba iitwayo Khan Murjan; khan ni nyumba ya wageni ya wafanyabiashara. Aliyeijenga ni Amin al-Din Mirjan, liwali wa mji zama za masultani wa Jalayir, ukoo uliotawala Iraq wakati huo, mwaka 760 wa Hijria, yaani 1359. Hiyo ni karne moja tu baada ya Wamongolia kuuteketeza mji ule mwaka 1258. Ibn Battuta, huyu tunayemjua kwa safari yake ya Mombasa na Kilwa ya 1331, alikuwa amepita Baghdad miaka minne kabla ya safari hiyo, akakuta magofu mengi. Khan hii hakuikuta.

Khan za kawaida, tangu Sham hadi Uajemi, zina ua wazi katikati. Wanyama wanafungwa uani, bidhaa zinawekwa vyumba vya chini, wenye bidhaa wanalala juu. Aliyewahi kuingia Caravan Serai la Bagamoyo ana picha inayokaribiana na hiyo, ingawa lile ni la baadaye sana. Mirjan yeye hakuacha ua wazi. Aliufunika wote, kwa matofali.

Sisi tukitaka kufunika chumba tunalaza boriti. Boriti ya mkoko ina urefu wake, ndiyo maana vyumba vya nyumba zetu za mawe ni virefu lakini vyembamba, upana kama mita tatu hivi. Wembamba hatukuuchagua, mkoko ulituchagulia. Iraq haina mbao za maana za kujengea. Ina mtende, na mtende ukibebeshwa mzigo katika nafasi pana unapinda. (Majahazi yaliyokuwa yakipakia boriti za Lamu na Rufiji kuzipeleka Ghuba hayakuwa yakifanya mzaha, lakini hayo yana siku yake.) Walichojaliwa wao ni udongo wa mto, na udongo ukichomwa unakuwa tofali.

Kusini kidogo ya Baghdad kuna Tak Kisra, ukumbi wa wafalme wa Uajemi ya kale: tao moja refu la matofali, kimo chake takriban mita 37. Linatisha. Lakini tao la namna ile linausukuma ukuta kwa nje katika urefu wake wote, kwa hiyo ukuta lazima uwe mnene, na huwezi kuutoboa madirisha utakavyo. Ukumbi wa mfalme uliowazi upande mzima wa mbele unalivumilia hilo. Nyumba ya wageni haiwezi, wageni watashinda gizani.

Mafundi wa Mirjan wakakata shauri jingine. Badala ya tao moja refu, walisimamisha matao manane yenye ncha, kila moja likivuka ukumbi kutoka ukuta huu hadi ule, kilele chake kama mita 14 kutoka sakafuni. Uzito wote wa dari unashuka kwa matao hayo. Sehemu ya ukuta iliyo kati ya tao na tao haibebi mzigo mkubwa, basi pale juu wakaziba nafasi kwa vidari vidogo vinavyopanda kwa vipandio, na kwenye vipandio wakaacha madirisha. Mwanga unaingia, jua kali linabaki juu ya dari, na hewa ya moto, ambayo hupenda kupanda, inapata pa kutokea. Katika mji ambao Julai haina huruma, huo ndio ufundi. Nakshi baadaye.

Kuna jambo jingine ambalo mimi nalipenda kuliko hata matao. Vyumba viko zaidi ya 40, kwa ghorofa mbili. Wa juu atafikaje chumbani kwake bila kupunguza ukumbi? Wametoa roshani nyembamba inayouzunguka ukumbi, nayo haina hata nguzo moja. Imebebwa na matofali yaliyotokezwa kidogo kidogo nje ya ukuta, safu juu ya safu, ambayo ukitazama kutoka chini unadhani ni pambo tu.

Khan hii ilikuwa wakfu. Mapato yake yaliendesha madrasa aliyoijenga Mirjan karibu hapo, pamoja na nyumba ya matibabu. Kwa hiyo wanaosema kuligeuza jengo hili mkahawa ni kulidhalilisha, mimi siwaelewi. Lilijengwa lichume. Miaka ya 1930 lilikarabatiwa, 1937 likafunguliwa kuwa makumbusho ya mambo ya kale ya Waarabu, na baadaye likawa mkahawa maarufu, watu wanakula huku waimbaji wa makam, muziki wa jadi wa Kiiraki, wakiwaburudisha. Na haukuhitajika ukuta mpya! Ukumbi mpana usio na nguzo, mwanga wa juu, vyumba pembeni vya wanaotaka faragha. Tofauti ni kwamba zamani kilichochumwa kilikuwa na masharti ya wakfu, na jengo lenyewe ni la kwanza kutunzwa kwa mapato hayo.

Kilichouondoa mkahawa ni maji. Sakafu ya khan iko chini ya barabara ya leo, kwani mji wa miaka mingi hupanda juu ya vifusi vyake, na mto Tigris hauko mbali. Maji ya ardhini yakajitokeza ukumbini. Wanahistoria wanasimulia kwamba Mirjan alipomwasi sultani wake alibomoa kingo za mto ili maji yauzunguke mji na kumzuia. Maji yale yale yamerudi mlangoni kwake.

Tofali likinywa maji kwa chini, maji hupanda ndani yake, yakifika juu hukauka na kuacha chumvi. Chumvi inavimba na kuumenya uso wa tofali. Jasi waliyounganishia matofali, nayo haipatani na unyevu. Hili mnalijua: kuta zetu za mawe na chokaa zinafanya vivyo hivyo, hasa pale fundi anapozipaka saruji ili zipendeze kwa ajili ya wageni. Unyevu uliokuwa ukitoka kupitia chokaa unafungiwa ndani. Ukipewa nyumba ya kugeuza mkahawa, usianze na jiko wala rangi. Chimba kwanza pembeni ya ukuta ujue maji yako wapi, na uyajue kiangazi na masika.

Michoro ya matao nimeibandika pale nyuma. Kabla ya kwenda kuitazama tuchukue maswali, na leo tuanze na upande wa kina mama.