Zebaki Iliyolala Topeni

Wazee wangu, ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Naanza na bomba hili nililoweka mezani. Mlioko nyuma mtasogea baadaye mlitazame. Ndani yake kuna tope la mikokoni. Tulilididimiza asubuhi maji yalipokupwa, tukaziba juu, tukavuta. Angalieni: juu kabisa pana utando wa kahawia, mwembamba kama ukucha. Chini yake ni weusi mtupu. Nikifungua kizibo mtasikia harufu ya yai viza, kwa hiyo sifungui, wenye ukumbi watanifukuza. Weusi ule ndio mada yangu. Metali nzito, kama zebaki na risasi, zikifika baharini hazielei muda mrefu. Hujishika kwenye chembe za udongo laini na kutua humo.

Kisa chenyewe nakitoa mbali, kaskazini mwa Italia, kwenye wangwa wa Marano na Grado. Ni maji ya chumvi yaliyozibwa na visiwa vya mchanga kati ya mito Tagliamento na Isonzo, eneo la kilomita za mraba 160 hivi, kina kifupi, tope kila mahali. Watu wake ni wavuvi na wafugaji wa kombe. Nimeuchagua kwa sababu tope lake lina zebaki kutoka njia mbili tofauti, na tofauti hiyo inatutibu maradhi ya kutosheka na kipimo kimoja tu.

Njia ya kwanza inaanzia milimani, mji wa Idrija, Slovenia ya leo. Mgodi wake wa zebaki ulianza mwaka 1490 na ukafanya kazi kwa karibu miaka 500. Duniani ni Almadén ya Hispania tu ulioushinda. Zilitoka tani zaidi ya 100,000, na inakadiriwa tani nyingine 37,000 hivi zilipotea: moshini, ardhini, na kwenye masalia ya tanuri yaliyomwagwa mtoni. Mto Idrijca huingia Soča, Soča ikivuka mpaka huitwa Isonzo, na Isonzo humwaga katika ghuba ya Trieste. Mafuriko yakija, mzigo wa karne hizo hushuka tena. Mgodi umefungwa, lakini mto haujui.

Njia ya pili ni ya juzi tu. Mwaka 1949 kiwanda cha Torviscosa kilianza kutengeneza klorini na kostiki soda kwa mtambo wa zamani, ule unaopitisha umeme kwenye maji ya chumvi juu ya dimbwi la zebaki. Zebaki ilivuja na maji taka, ikafuata mto Aussa hadi katikati ya wangwa. Hadi mwaka 1984 zilikuwa zimetoka tani 186 hivi.

Sasa ukipima tope la juu, upande wa mashariki, ulio karibu na Isonzo, unapata zebaki nyingi zaidi. Kuna mahali hufika karibu miligramu 10 kwa kilo, wakati tope safi la bahari ile lina kama 0.1. Mtu akiona ramani hiyo atasema hatari yote iko mashariki, na hapo ndipo anapoteleza. Sehemu kubwa ya zebaki ya mgodini ilifika bado imefungamana na salfa, katika yale madini mekundu yaliyochimbwa, na madini hayo hayayeyuki kwa urahisi. Ya kiwandani ilifika ikiwa huru zaidi, tayari kushikana na chochote. Kwa hiyo kilo moja ya tope la mashariki na kilo moja ya tope la kati zinaweza kuonyesha namba zinazokaribiana maabara, na zikawa na madhara tofauti kabisa. Sisemi ya mgodini ni salama. Njiani sehemu yake huyeyuka, na utafiti umeonyesha nayo hugeuzwa. Nasema jumla peke yake haikuambii kitu cha kutosha.

Kugeuzwa kunafanywa na nani? Na vijidudu vya humo gizani, visivyohitaji oksijeni. Vinapumua kwa salfeti, chumvi yenye salfa iliyo kwenye maji ya bahari. Harufu ya yai viza ni yao. Baadhi yao huibandika zebaki kundi la kaboni, ikawa methili-zebaki. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walizitambua jeni mbili zinazofanya kazi hiyo. Methili-zebaki huingia mwilini haraka na hutoka polepole. Kwa hiyo kutoka mwani hadi dagaa, hadi samaki mlaji, inaongezeka kila hatua. Kombe, pamoja na kwamba anaishi topeni, kwa kawaida hubeba kidogo kuliko papa. Kwa mjamzito jambo hili si la kubishana: sumu hiyo hupita kondo la nyuma hadi kwenye ubongo wa mtoto. Kule Minamata, Japani, ugonjwa wa sumu hiyo ulipotambuliwa rasmi mwaka 1956, walikuwepo akina mama wenye dalili chache tu waliozaa watoto walemavu.

Minamata wakaamua kuchimba. Kuanzia 1977 hadi 1990 walifyonza tope lenye zebaki nyingi, wakalizika nyuma ya ukuta, na juu yake pakawa ardhi mpya ya hekta 58. Marano na Grado hawakuweza kufanya hivyo, eneo ni kubwa mno. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wangwa uliingizwa katika orodha ya maeneo machafu ya kitaifa, na kila tope lililotolewa likahesabiwa taka kisheria, hivyo kuchimba kukawa kugumu. Mifereji ya boti ikajaa, wavuvi wakalalamika, na mwaka 2012 sehemu kubwa ikaondolewa orodhani. Mimi naona wavuvi walikuwa na haki ya kulalamika, lakini woga wa kuchimba nao haukuwa wa kipuuzi. Tope jeusi likipata hewa, ile salfaidi, yaani salfa iliyozifunga risasi, kadimi na zinki, huvunjika, na metali hurudi majini.

Kuna kaka hapa mbele ameuliza: je, Msimbazi, mto wetu wa Dar es Salaam? Swali zuri. Tope la mlango wa Msimbazi limepimwa tangu miaka ya 1980, na risasi imeonekana humo, jambo lisiloshangaza kwa mto unaopita viwandani na kwenye gereji za jiji zima. Sasa kuna mradi wa bonde, Benki ya Dunia iliuidhinisha mwaka 2022, na uchimbaji wa mto ni sehemu yake. Mafuriko ya Jangwani tunayajua, siwezi kusema wasichimbe. Ningekuwa mkazi wa karibu ningeuliza hivi: sampuli zilichukuliwa juu tu, au bomba lilididimizwa hadi tope la zamani? Walipima jumla, au na kiasi kinachoachia pale tope linapopata hewa? Na likishatolewa linamwagwa wapi, maji yake yanachuruzikia shamba la nani?

Haya, anayetaka kunusa bomba aje, tulifungulie nje.