Kiuno Kinauma? Jipime Kwanza Nyumbani

Karibuni. Leo ni zamu ya kiuno. Mpagazi wa Kariakoo, dereva bodaboda, nawe unayesota kwenye foleni ya Mbagala, tandikeni mkeka na muite mtu wa kuwasaidia.

Kabla hujalala, jiulize. Mkojo umegoma kutoka, au unajitokea wenyewe? Sehemu za siri na makalio yamekufa ganzi? Miguu inaishiwa nguvu? Kama lipo hata moja, zima video, nenda hospitali sasa hivi. Neva, yaani mishipa ya fahamu, za mwisho wa uti wa mgongo huenda zinabanwa, na ukichelewa ulemavu unaweza kubaki. Ukiwa na homa, jasho la usiku au unakonda bila sababu, nawe kapimwe. Kifua kikuu hushambulia hata pingili za mgongo, na si lazima ukohoe. Walioanguka au waliowahi kuugua saratani wasijipime hapa, waende tu.

Huna hayo? Lala chali. Msaidizi ainue mguu mmoja taratibu, goti lisikunjwe. Ukifika kati ya nyuzi 30 na 70, maumivu yakashuka hadi chini ya goti, huenda diski, ule mto laini ulio kati ya pingili, imebana neva. Ikivuta nyuma ya paja tu, mara nyingi ni msuli. Rudia mguu wa pili. Kisha simama, tembea kwa visigino, halafu kwa vidole. Mguu mmoja ukishindwa, muone daktari.

Najua jirani ameshakwambia ni figo. Figo ziko juu zaidi, pembeni, chini ya mbavu, na kuinama au kugeuka kwa kawaida hakubadilishi maumivu yake.

Sasa tiba. Usijifungie kitandani, tembea, hata kama panauma kidogo. Chupa ya maji ya moto izungushie khanga, kandia dakika 15. Ibuprofen meza baada ya kula, ila si kwa mjamzito, mwenye vidonda vya tumbo, figo au presha bila kumuuliza daktari. Na hizo sindano za kuchomwa duka la dawa, achana nazo.

Zoezi: lala chali, kunja magoti, inua kiuno, hesabu mpaka 5, shusha. Mara 10.

Usikimbilie eksirei, haionyeshi diski wala neva. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6. Zikipita bado unaumwa, anzia kituo cha afya, omba rufaa ya fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo. Ikibidi ndipo watakupeleka MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili.