Anayepokea Ujumbe Naye Ajaribiwe

BARAKA: Karibuni tena kipindini. Leo tunaongelea kupima urahisi wa kutumia programu ya mawasiliano. Dada Zuhura, si unamkalisha mtu na simu, unamwangalia, basi?

ZUHURA: Kikokotoo utakipima hivyo, kaka. Programu ya kutumiana ujumbe ina watu wawili. Huyu anakwambia “nimeshaufuta”, kumbe kaufuta kwenye simu yake tu, mwenzake bado anausoma. Ukiwa na mtumaji peke yake, hilo utalionea wapi?

BARAKA: Kwa hiyo unaweka wawili.

ZUHURA: Vyumba viwili, simu mbili, msimamizi kila chumba, na saa za rekodi zilingane. Halafu kazi unayowapa isitaje neno lililo kwenye kitufe. Ukisema “nyamazisha kikundi” na kitufe kimeandikwa “Nyamazisha”, umepima macho yake tu. Mwambie: “Kikundi hiki kinakusumbua ukiwa kazini, ila hutaki kujitoa. Utafanyaje?”

BARAKA: Akikwama, mimi mkono unaniwasha nimwonyeshe!

ZUHURA: Ukalie huo mkono! Akiuliza “nibonyeze hapa?”, mrudishie: “Wewe unaonaje?” Na kawaida tunamwomba aseme kwa sauti anachowaza. Lakini akipiga simu au akirekodi ujumbe wa sauti, haiwezekani. Hawezi kuongea nawe na mwenzake kwa wakati mmoja. Mwache amalize, kisha mtazame pamoja rekodi ya skrini, akueleze alipositasita.

BARAKA: Idadi je? Jakob Nielsen, yule mtaalamu wa kupima urahisi wa kutumia programu, aliandika mwaka 2000 kwamba watu 5 wanatosha.

ZUHURA: Watu hukariri nusu tu ya maneno yake. Alimaanisha 5, urekebishe, ujaribu tena na wengine. Na ile hesabu yake kwamba watu 5 hufichua asilimia 85 ya matatizo inasimama iwapo kila mshiriki peke yake anafichua wastani wa asilimia 31 ya matatizo yote. Programu yako huenda isiwe hivyo. Tena kwetu huku, mimi nahesabu jozi.

BARAKA: Mwishoni unawapa dodoso la SUS, lile la kupima mtu anavyouona urahisi wa programu?

ZUHURA: Nawapa, sentensi 10, haichukui muda. Ila halikuonyeshi tatizo liko wapi, na mtu aliyeshindwa kazi mbili anaweza kukupa alama nzuri kwa adabu tu.

BARAKA: Sasa simu ni zetu au zao?

ZUHURA: Hapo ndipo pagumu. Simu yake ina mazungumzo halisi, lakini unarekodi skrini, mara juu pale unashuka ujumbe kutoka kwa dadake kuhusu majibu ya hospitali. Yeye ameridhia kurekodiwa, dadake je? Mimi natumia simu zetu, akaunti mpya, halafu nawaalika watu wanaojuana. Wataniana wenyewe, watatumiana picha bila kuambiwa.

BARAKA: Na wakianza kusengenyana?

ZUHURA: Wakisema tu “zima”, rekodi inazimwa. Hilo nawaambia kabla sijawapa simu.