Filta halisi au filta mbadala: kuchagua filta ya oili kwa mashine za kukata nyasi

Waheshimiwa wasimamizi wa viwanja, ndugu mafundi, mabibi na mabwana,

Kabla ya kubishana ni filta ipi inunuliwe, tuwaondoe kwanza wale ambao suala hili haliwahusu. Mashine nyingi ndogo za kusukuma kwa mkono hazina filta ya oili kabisa. Injini kama Honda GX160, ambayo wengi wenu mnaijua pia kwenye pampu za maji na jenereta, hulainishwa kwa oili inayorushwa na kijiko kidogo kilicho chini ya fimbo ya pistoni, na uchafu uliomo hutoka siku oili inapomwagwa, basi. Mwenye mashine ya kufyekea ya begani, ambayo oili yake huchanganywa na petroli ndani ya tangi, naye hana filta ya kuchagua. Hao wanaweza kutangulia kwenye chai. Tunaobaki ni sisi wenye mashine kubwa za kukalia, zinazokata nyasi kwenye viwanja vya mpira, vya gofu na kwenye bustani za hoteli, ambazo injini zake za Briggs & Stratton, Kohler au Kawasaki zina pampu inayosukuma oili kwa mgandamizo na kuipitisha kwenye filta ya kopo kabla haijafika kwenye beringi.

Swali ninaloulizwa mara kwa mara ni kama mtu anunue filta yenye jina la kampuni iliyotengeneza injini, ambayo dukani huitwa jenyuini, au achukue mbadala wa kampuni nyingine kwa bei nafuu. Jibu langu nitalisema mapema ili msilisubiri: filta mbadala ya mtengenezaji anayejulikana, yenye vipimo vinavyolingana na injini yako, inafaa bila wasiwasi, na filta ya kuogopwa katika masoko yetu ni ile iliyovaa jina la halisi ilhali si halisi. Muda uliobaki nitautumia kueleza vipimo hivyo ni vipi, kwa maana hapo ndipo watu wengi wanapoharibu injini huku wakiamini wamebana matumizi.

Tuanze na asili ya filta yenyewe. Kampuni za injini kwa kawaida hazina viwanda vya kutengeneza filta. Huandika vipimo wanavyovitaka, huagiza kwa watengenezaji wa filta, kisha hupaka rangi yao na kuchapa namba yao. Kwa hiyo kampuni ya filta inayouza kwa jina lake mwenyewe inaweza kuwa na uzoefu wa kazi hiyo kuliko kampuni ya injini. Mann+Hummel ya Ujerumani, kwa mfano, ambayo majina ya WIX na Purolator yako chini yake, hutengeneza filta za kila aina ya mtambo. Hata hivyo, msidanganywe na muuzaji anayesema kwamba filta zote mbili zimetoka kiwanda kimoja, kwa hiyo ni kitu kimoja. Kiwanda kimoja kinaweza kutoa makopo mawili yanayofanana kwa nje, lakini ndani moja lina valvu ya aina hii na jingine la aina ile, kwa sababu kila mteja alilipia alichokiagiza.

Injini ya mashine ya nyasi nayo ina tabia zake. Hupozwa kwa upepo, haina maji wala rejeta. Hufanya kazi katikati ya vumbi na majani makavu yanayoziba mapezi ya silinda. Na hukimbia kwa kasi ileile mchana kutwa, karibu na mizunguko 3,600 kwa dakika. Pigeni hesabu: kwa kasi hiyo, saa 100 za kazi ni mizunguko 21,600,000. Gari linalotembea kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa, injini yake ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, litafikisha mizunguko hiyo likiwa limetembea kilomita 10,800. Tofauti ni kwamba gari lina lita 4 au 5 za oili, ilhali injini nyingi za silinda mbili za mashine hizi hubeba takriban lita 2 tu. Uchafu uleule katika oili chache huwa mzito zaidi, na joto lake huwa kali zaidi.

Sasa vipimo. Cha kwanza ni nyuzi za shimo la katikati, zile zinazojikaza filta inapozungushwa kwenye injini. Injini nyingi za mashine hizi zina nyuzi za inchi robo tatu, nyuzi 16 kwa kila inchi, yaani kipenyo cha milimita 19.05. Filta nyingi za magari ya Kijapani, zikiwamo za Honda, zina nyuzi za milimita 20 kwa hatua ya milimita 1.5, yaani umbali kutoka uzi mmoja hadi mwingine. Hapa pana mtego, kwa sababu filta ya milimita 20 huingia kwenye chuma cha milimita 19.05, hukaza kidogo, na kwa fundi mwenye haraka huonekana imekaa. Haijakaa. Nyuzi zimeshikana kwa ncha tu, na mtetemo pamoja na mgandamizo wa oili unaweza kuilegeza au kuichomoa kabisa mashine ikiwa kazini, oili yote ikamwagika kwenye nyasi kabla dereva hajajua. Ikiwa filta inachezacheza unapoizungusha kwa vidole, kabla gasketi, yaani pete ya mpira ya kuziba, haijagusa, iondoe.

Cha pili ni kipenyo cha gasketi, nacho sitakaa juu yake: ilingane na sehemu laini iliyochongwa kwenye injini, isizidi nje wala isiangukie ndani.

Cha tatu kinahitaji subira. Ndani ya filta nyingi mna valvu ya kupishia oili. Oili ikiwa baridi na nzito asubuhi, au karatasi ya kuchujia iliyo ndani ya filta ikiwa imeziba, mgandamizo wa upande wa kuingilia huwa mkubwa kuliko wa upande wa kutokea. Tofauti hiyo ikifika kiwango fulani, valvu hufunguka na oili hupita bila kuchujwa, kwa sababu oili chafu kwenye beringi ni heri kuliko beringi kavu. Kiwango hicho hutofautiana sana. Zipo filta ambazo valvu hufunguka kwenye psi 8 (psi ni kipimo cha mgandamizo), na zipo za magari ambazo haifunguki mpaka psi 20 na zaidi. Ukifunga ya juu mno kwenye injini ndogo, unaweza kuinyima oili wakati inapoihitaji. Ukifunga ya chini mno, oili nyingi itapita pembeni bila kuchujwa na filta yako itakuwa pambo. Isitoshe, baadhi ya injini zina valvu hiyo kwenye bloku lenyewe, yaani mwili wa injini, na filta zake hutengenezwa bila valvu. Ndiyo maana kufananisha makopo kwa macho juu ya meza ya duka hakutoshi. Chukua namba ya filta iliyoandikwa katika kijitabu cha injini, kisha itafute katika orodha ya mtengenezaji wa filta mbadala uone ameilinganisha na namba gani yake.

Cha nne ni valvu ya kuzuia oili kurudi, ambayo ni duara la mpira lililo nyuma ya bamba la chuma lenye matundu. Filta ikiwa imefungwa wima, mdomo juu, oili hubaki ndani hata bila valvu hiyo. Lakini kwenye injini nyingi za mashine hizi filta hulala ubavu, na mpira huo ukishindwa kazi, oili yote hurudi chini usiku, na asubuhi injini huanza kuzunguka wakati pampu bado inajaza kopo tupu. Mlio wa chuma mnaousikia kwa sekunde chache mnapowasha huweza kuwa ni huo. Mpira wa kawaida hukakamaa kwa joto. Wa silikoni hustahimili zaidi, na hapo ndipo filta za bei ndogo sana hubana gharama. Kuupima ni rahisi: unapofungua filta ya zamani iliyolala ubavu, mashine ikiwa imepumzika usiku kucha, inapaswa kutoka na oili ndani yake. Ikitoka tupu, usinunue tena chapa hiyo.

Hayo manne yakiisha kulingana, ndipo tuulize ubora wa uchujaji. Kopo linaloandikwa kwamba linachuja mikroni 10 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) halijakueleza chochote mpaka liseme linakamata asilimia ngapi ya chembe za ukubwa huo, kwa sababu hata chandarua hukamata baadhi. Kipimo kinachokubalika kimataifa ni ISO 4548-12, ambapo oili yenye vumbi la majaribio hupitishwa kwenye filta tena na tena huku chembe zikihesabiwa kabla na baada. Filta inayopata uwiano wa 75 kwa mikroni 20 huruhusu chembe 1 kati ya 75 kupita, sawa na kukamata asilimia 98.7. Mtengenezaji wa mbadala anayechapisha takwimu hizo ananipa imani kuliko anayechapisha picha ya simba kwenye boksi.

Niongeze jambo moja la pembeni ambalo kwangu lina uzito. Sehemu kubwa ya vumbi linalofika kwenye oili limepitia kwenye filta ya hewa iliyochanika, isiyokaa vizuri au iliyopulizwa kwa kompresa mpaka karatasi ikatoboka. Anayenunua filta halisi ya oili huku filta ya hewa akiikung'uta kwenye tairi kila wiki ameweka mlinzi dirishani na kuacha mlango wazi.

Turudi kwenye maduka yetu, Kariakoo ya Dar es Salaam au barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi. Bidhaa bandia ni tatizo ambalo serikali zenyewe zimelitungia sheria. Tanzania ina Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2008 iliyoanzisha mamlaka ya kupambana na bidhaa bandia. Mwenye kutengeneza filta feki huchapa jina linalouzika, na linalouzika ni la kampuni ya injini. Kwa sababu hiyo, mbadala ulionunuliwa kwa wakala anayetoa risiti yenye namba ya bidhaa ni salama kuliko "halisi" ya mezani isiyo na risiti. Itazameni filta kabla ya kulipa: nyuzi ziwe safi bila vipande vya chuma, gasketi ikae imara kwenye mfereji wake, na mpira unaoonekana kupitia matundu, ukiubonyeza kwa kijiti safi, urudi mahali pake. Rangi ya boksi pekee isiwe hukumu. Biashara ya injini za Kohler, kwa mfano, ilitenganishwa na kampuni mama na kupewa jina la Rehlko mwaka 2024, kwa hiyo boksi lenye jina geni linaweza kuwa halisi kabisa.

Kuna hali ambazo ningechagua halisi bila mjadala. Mashine iliyo ndani ya udhamini (waranti) ni mojawapo. Nchini Marekani sheria ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975 humzuia mtengenezaji kuufunga udhamini kwa sharti la kutumia vipuri vya chapa yake, isipokuwa avitoe bure au apate ruhusa maalumu. Sheria hiyo haitusaidii hapa, na mabishano na wakala kuhusu injini iliyokufa yatakugharimu kuliko tofauti ya bei ya filta. Na tofauti yenyewe ni ndogo ukiipigia hesabu ya mwaka. Kawasaki, kwa injini zake nyingi za mfululizo wa FR, huelekeza oili ibadilishwe kila saa 100 na filta kila saa 200. Mashine inayofanya kazi saa 400 kwa mwaka itahitaji filta 2 tu. Mwenye mashine 1 anunue halisi alale usingizi. Mwenye mashine 12 ndiye mwenye sababu ya kutafuta mbadala mzuri na kuununua kwa katoni. Mwenye injini ya Tecumseh, kampuni iliyoacha kutengeneza injini hizo mwaka 2008, hana budi kutegemea mbadala.

Onyo kwa wenye mashine za gia za haidroliki: filta ya gia inaweza kufanana na ya injini kama pacha, rangi na urefu. Lakini mara nyingi hiyo hukaa upande ambao pampu inanyonya, si upande inaposukuma, hivyo imetengenezwa kupitisha oili kwa nguvu ndogo. Msizibadilishane hata kwa siku moja.

Kuhusu kufunga mnafahamu: hakikisheni gasketi ya zamani haikubaki imeganda kwenye injini, pakeni ile mpya oili safi, zungusheni kwa mkono mpaka iguse, kisha ongezeni robo tatu ya mzunguko, au kama kijitabu kinavyosema. Washeni kwa dakika chache, zimeni, kagueni kama inavuja, na pimeni tena oili kwa kijiti, kwa sababu filta mpya hunywa kiasi chake.

La mwisho ni namna ya kuijaribu chapa ambayo hamjawahi kuitumia. Filta yake ya kwanza ikimaliza muda wake, msiitupe. Iacheni ichuruzike oili usiku kucha, kisha ikateni shingoni kwa kikata bomba. Msumeno wa chuma haufai, kwa maana unamwaga unga wa chuma ndani na kuharibu ushahidi. Itoeni karatasi na kuikunjua. Mikunjo iwe imesimama kwa nafasi sawa, isiwe imelaliana. Gundi ya mwisho wa karatasi isiwe na mwanya ambao oili imepitia. Mpira wa valvu uwe bado unakunjika. Kisha pitisheni sumaku juu ya karatasi. Chembe zinazonaswa ni za chuma, na zisizonaswa lakini zinang'aa huenda ni alumini ya pistoni au ya silinda, na hizo zinawaeleza habari za injini, wala si za filta. Nimekata mbili, halisi moja na mbadala moja, ziko hapa mezani. Karibuni mzitazame, ila vaeni glavu, kwa kuwa ukingo wa kopo ni mkali.