Bei Mmeipigania, Daraja Mmeliacha

Ndugu wenyeviti wa vyama vya msingi, wanafunzi, mabibi na mabwana, asanteni. Mada niliyopewa ni ndefu kama kamba ya katani: ushindani usio kamili, yaani soko lenye wanunuzi au wauzaji wachache, na udhibiti wa serikali katika soko la tumbaku. Walionisikia mwaka jana wanajua nitaishia kwenye robota, ule mzigo wa tumbaku uliofungwa kwa gunia. Basi tuanzie huko huko.

Siku ya soko mnaijua. Marobota yamepangwa mistari ghalani, mteuzi, yule anayepanga ubora wa jani kwa madaraja, anapita, karani na mnunuzi wako nyuma yake. Gunia linafunuliwa, jani linachomolewa, linanuswa, linakunjwa kiganjani, tiketi inaandikwa. Niliwahi kusimama pale na saa: robota moja halikufika dakika. Mwaka mzima wa kitalu, kupandikiza, kukata maua na kulala banini, kwenye banda la kukaushia, ukichochea moto, hukumu yake ni kufumba na kufumbua.

Mjomba wangu, mkulima wa Urambo, alipeleka marobota mawili ya jani lilelile. Kaya moja, bani moja, kayafunga usiku mmoja. Moja likapata daraja la juu, la pili likashushwa. Akauliza kulikoni. Akajibiwa, "Rangi, mzee." Aliponisimulia alikuwa anacheka: "Mpwa wangu, nililichambua kwa kibatari. Labda rangi ilipauka njiani."

Mimi sikucheka. Bei ya kila daraja hukubaliwa kabla ya masoko, Bodi ya Tumbaku ikiwepo, na magazeti yanaandika kwamba mkulima kaongezewa. Lakini aliyeshika daraja ndiye aliyeshika wastani wa bei. Mnaweza kupandishiwa bei ya kila daraja na bado mkarudi nyumbani na pungufu ya mwaka jana.

Najua kuna mtu hapo mbele anataka kunikatiza: mteuzi ni wa Bodi, si wa kampuni inayonunua. Sawa. Kampuni ikisema hili silichukui, linakwenda wapi? Chama cha msingi kina mkataba na kampuni hiyo moja, mbolea imepitia mkataba huo, deni linakatwa hapo hapo. Na tumbaku si mahindi, kwamba ukikosa mnunuzi utasaga upike ugali.

Vitabu vyetu vya uchumi vinampa muuzaji mmoja sura nzima, mnunuzi mmoja vinampa ukurasa. Ndiyo maana Tume ya Ushindani ikitajwa, watu wanafikiria bei dukani tu.

Na msidhani haya ni ya Tabora peke yake. Marekani mwaka 1911 Mahakama Kuu iliamuru American Tobacco ivunjwe vipande. Vipande vikabaki vikubwa, vikaendelea kuishi kama ndugu. Katika kesi iliyoamuliwa na mahakama hiyohiyo mwaka 1946, kampuni tatu kubwa zilibainika kwamba hazikuwa zikikanyaga mnada kama mojawapo haipo. Hakukuwa na karatasi ya makubaliano. Mwenendo wenyewe ulitosha kuwatia hatiani. Na Juni 1931, dunia imefilisika, jani limeshuka bei, Reynolds, mojawapo ya hizo tatu, ilipandisha bei ya sigara, na wenzake wawili wakaifuata ndani ya siku moja! Huhitaji mkutano wa siri mkiwa watatu. Mnatazamana tu.

"Basi ongezeni wanunuzi." Naam, inasaidia. Hapa kwetu Tanzania, mwaka 2018 mnunuzi mmoja mkubwa alipoondoka, kilimo kiliyumba. Wapya walipoingia, msimu wa 2022/23 tulivuka kilo milioni 100. Lakini baadhi ya hao wapya walichelewesha malipo, na mkulima asiyelipwa hana raha ya kuhesabu washindani. Mimi ninachodai ni kidogo: sampuli ya kila robota lililobishaniwa ihifadhiwe, na mteuzi wa pili, asiyejua jina la mwenye mzigo wala la kampuni, alipime upya kabla ya tiketi kufungwa. Nimelisema hili mara ngapi? Karani wangu anasema ameshaacha kuhesabu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Upande wa sigara, basi, kwa haraka. Kampuni moja ikitawala soko, kodi ikipanda inaweza kumbebesha mvutaji yote, hata na chenji yake. Marufuku ya matangazo ni njema kwa afya, ila mgeni sokoni hana tena njia ya kujitambulisha, na mwenyeji analala usingizi. Na kuna fumbo nililotaka tulichambue, kwamba mwenye ukiritimba huuza sigara chache kuliko wanaoshindana, sasa wizara ya afya imshangilie nani? Nilikuwa na michoro mitatu. Tuiache.

Tusikilize maswali. Yule mzee wa nyuma ameinua mkono tangu niliposema "rangi".