Saa 72 na kopo linalolia

Karibuni mama zangu, baba zangu, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kuwa viti vimekwisha. Nitaongea Kiswahili, maana hapa Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi Uganda, ndicho kinachotukutanisha: Mkongomani, Mrundi, Mnyarwanda, hata yule Msomali wa duka la kona. Mezani nimeweka vitu viwili, saa ya ukutani na bunda la pamba. Kazi yake mtaiona.

Kwanza kuna neno la mtaani nataka tulimalize: kwamba sisi wakimbizi ndio tunaoleta ukimwi. Mwaka 2007 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi wa mtafiti Paul Spiegel na wenzake kuhusu nchi saba zilizopitiwa na vita, zikiwemo Kongo, Rwanda, Burundi na Uganda yenyewe. Hawakupata ushahidi kwamba vita vilipandisha maambukizi. Walilinganisha makundi 12 ya kambi na wenyeji waliozizunguka, na katika 9 wakimbizi ndio waliokuwa na maambukizi machache. Kwa hiyo mtu akikunyooshea kidole sokoni, mjibu kwa adabu, uendelee kununua nyanya zako.

Lakini msishangilie sana. Askari nao husafiri na virusi. Mwaka 1986 Uganda ilipeleka askari 60 mafunzoni Cuba, wakapimwa, 18 wakakutwa navyo. Fidel Castro mwenyewe ndiye aliyempasha habari Rais Museveni. Kaskazini mwa Uganda nako, vita vya mwasi Joseph Kony vilipopamba moto, watu zaidi ya milioni moja na nusu walirundikwa kambini, na askari wakiwa jirani na mishahara yao. Msichana asiye na shamba na mwanamume mwenye hela: hesabu hiyo haihitaji mwalimu. Na hapa kwetu, mwaka 2025 takriban wakimbizi milioni moja nchini walipoondolewa kwenye mgao wa chakula, hesabu ile ile ilirudi. Ndiyo maana huwa nachoka nikisikia semina nzima ya kuwafundisha mabinti kusema hapana. Mpe unga kwanza.

Sasa saa. Tuseme dada amekwenda kutafuta kuni Jumamosi, akakamatwa huko, akabakwa, saa mbili za usiku. Zipo dawa za kinga zinazoitwa PEP. Anazimeza kila siku kwa siku 28, na virusi vinaweza kuzuiwa visishike. Ila aanze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Jumamosi saa mbili usiku mpaka Jumanne saa mbili usiku, basi. Jumapili analia ndani, na mama mkwe anasema nyamaza. Jumatatu anaambiwa aanze polisi, akachukue fomu. Jumanne mvua, boda anataka hela ambayo haipo. Mmeona siku zilivyoliwa? Fomu ni ya kesi, na kesi ni muhimu, lakini kidonge hakisubiri fomu. Aende kituo cha afya kwanza, na fomu itafuata.

Kuna kituo kimoja, jina nitaliacha, ambako niliwahi kumsindikiza binti wa namna hiyo. Mhudumu hakujua lugha yake, akatoka nje kutafuta mtu wa kutafsiri, akarudi na shemeji wa binti. Binti akasema anaumwa kichwa. Akapewa panadol. Tulirudi kesho yake na mkalimani mwanamke kutoka zoni nyingine, na saa zilikuwa bado zipo. Usiku ule sikulala. Ninyi wakalimani mlio hapa, hamkai pale kupitisha maneno tu. Mkitoboa siri mara moja, watu kumi hawatakuja tena.

Mzee mmoja ameniandikia kikaratasi: mwenye virusi akioa, si anaua? Hapana, mzee wangu. Anayemeza dawa kila siku mpaka virusi vikafubaa visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake kitandani. Mama mjamzito anayezitumia vizuri naye ana nafasi kubwa sana ya kuzaa mtoto mzima. Kwa hiyo kumsaidia jirani yako asikatize dawa ni kinga, tena kinga ya kijiji kizima. Anayesafiri kurudi Kivu kule Kongo, au kuhamia kambi ya Kyaka, aombe dawa za miezi kadhaa na barua ya kuhamishwa kabla hajafunga mizigo.

Na hapo ndipo pamba inapoingia. Kopo la dawa likitikiswa hulia kama kayamba. Sikieni. Katika nyumba ya turubai, jirani analisikia kabla hujafungua kifuniko. Nimewajua watu walioacha dawa kwa ajili ya mlio huo tu. Chana kipande cha pamba safi, kijaze juu ya vidonge, funga. Sikieni tena. Kimya.

Hili bunda litakaa mlangoni. Kila anayetoka achukue kidogo, awe anameza dawa au hamezi, wote bila kubakiza mtu, ili asijulikane nani ni nani. Baba uliyekaa mbele, anza wewe.