Sehewa: kumtambua na kumvua kwa mshipi

Ndugu zangu wavuvi wa burudani, leo namzungumzia sehewa, yule ambaye wataalamu humwita Euthynnus affinis. Wengi wetu tukitoka Watamu au Shimoni, pwani ya Kenya, macho huwa kwa nduaro na jodari, sehewa tunamtupa ndooni bila kumtazama. Hilo linaniuma. Kenya na Tanzania zimo katika Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, chombo kinachosimamia uvuvi wa samaki hawa, na sehewa ni mmoja wa samaki 16 walio chini yake. Tukiandika "jodari mdogo" daftarini, hajulikani aliyevuliwa ni nani.

Basi mgeuze ubavu. Chini ya pezi la kifua utaona madoa meusi machache, kama kaguswa na vidole vyenye masizi. Yakiwa yamefifia, tazama mgongo: michirizi ya mshazari, iliyopindapinda, kuanzia katikati ya pezi la kwanza la mgongo kuelekea mkiani. Ukikuta mistari 4 hadi 6 imelala tumboni kwa urefu, huyo si sehewa, ni Katsuwonus pelamis, jodari wa jamii nyingine. Wanaotupoteza hasa ni jamii ya Auxis, jodari wadogo wanaofanana naye, maana nao wana michirizi mgongoni. Kwao mapezi mawili ya mgongo yameachana mbali. Ya sehewa yanakaribia kugusana. Jodari mchanga je? Mpapase: ana magamba mwili mzima, sehewa anayo kifuani na kwenye mstari wa ubavu tu.

Kumvua si kazi ngumu. Ukiona ndege wanajitupa majini na dagaa wanaruka, usilipasue kundi kwa boti. Zunguka ukingoni, ukokote chambo bandia kidogo, cha kimo cha dagaa wenyewe, kwa mwendo wa kasi. Waya wa kushikia ndoana mimi siufungi. Sehewa anaona vizuri, na meno yake hayakati nailoni kama ya nguru.

Ukitaka kumwachia, fanya upesi. Samaki huyu hupumua kwa kuogelea, maji yapite kwenye matamvua. Ukimshika muda mrefu umpige picha, unamnyima pumzi. Mtumbukize kwa kichwa, kwa nguvu, aanze safari papo hapo.

Ukitaka kumla, mkate matamvua, damu itoke, kisha mzamishe kwenye barafu iliyochanganywa na maji ya bahari. Akiachwa juani hujenga histamini, sumu inayowasha mwili na kuumiza kichwa, na moto wa jikoni hauiondoi.